Darasa la Jikoni: mwongozo kwa mzazi Mkristo wa Kidugala na Makambako

Jioni ya mwezi wa sita, baridi ya Kidugala ikiwa imefunga kila mtu jikoni, mpe mtoto wako wa darasa la tano Biblia umwambie afungue kitabu cha Ruthu, sura ya pili. Usimpe Zaburi ya 23 wala Sala ya Bwana. Hizo anazijua kwa moyo, midomo itakwenda yenyewe. Ruthu sura ya pili huenda hajawahi kuisoma. Asome kwa sauti mistari kumi huku wewe unamenya viazi. Kisha funga Biblia umwulize: huyu Ruthu alikwenda shambani kutafuta nini? Kwa nini Boazi aliwakataza vijana wake wasimsumbue? Mwache ajibu kwa Kibena ikiwa ndicho kinachomtoka haraka, maana unapima uelewa wake tu. Aliyeelewa atakuambia kwamba Ruthu alikuwa akiokota masuke yaliyoachwa na wavunaji, kama watoto wa hapa wanavyopita kwenye shamba lililokwisha kuchimbwa viazi na kuokota vilivyosahaulika. Asiyeelewa atakutazama tu.

Mimi nilifanya jaribio hili nikiwa nimechelewa mwaka mzima. Kijana wangu alikuwa anakwenda tuisheni siku nne kwa wiki, hesabu na sayansi, nami nalipa bila kukosa mwezi. Alama zilikaa palepale. Jioni ile ndipo nilipogundua kwamba hasomi, anaotea. Akishaona mwanzo wa neno, mwisho wake anaubuni. Maswali ya sayansi alikuwa anayakosa kwa sababu haelewi yanauliza nini, na hakuna mwalimu wa sayansi aliyewahi kukaa naye ili asome aya moja hadi mwisho. Tulianza kusoma kwa sauti nyumbani, robo saa kila jioni, mimi au mama yake. Miezi mitatu baadaye alikuwa anasoma gazeti lililofungiwa vitumbua. Haikutugharimu shilingi.

Kwa hiyo neno ninalolishikilia kuliko mengine yote ni hili: pima kwanza, ndipo ununue. Hata ukienda hospitali ya Ilembula, daktari anakupitisha maabara kabla ya kukuandikia dawa. Pima kusoma kwa njia niliyoeleza. Pima kuandika kwa imla ya maneno kumi. Pima hesabu kwa tebo ya sita hadi ya tisa, ukiruka huku na huko ili asiimbe. Andika ulichokiona kwenye daftari moja, na tarehe yake. Ukishajua shimo liko wapi, utajua kama ni la kufukia nyumbani au la kumwita mwalimu.

Kwa wanaofikiria kumtoa mtoto shule

Wapo wazazi Wakristo wanaosikia kwamba Marekani familia nyingi husomesha watoto nyumbani moja kwa moja, wakatamani kufanya vivyo hivyo. Hofu yao naielewa: maadili, lugha chafu, darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Lakini sheria yetu inasema wazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi, na mzazi ndiye anayewajibika kuhakikisha anahudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Januari 2025, imekwenda mbele zaidi na kuweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari, utaratibu unaoingizwa hatua kwa hatua.

Zaidi ya sheria kuna jambo la kiutendaji ambalo wengi hulijua wakati maji yameshamwagika. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake ya PReM katika mfumo wa Baraza la Mitihani, NECTA, na ni shule inayomsajili kwa upimaji wa darasa la nne na mtihani wa darasa la saba. Mtoto asiye na shule hana mlango huo.

Kuna familia za mijini, hapa Tanzania na Kenya, zinazotumia vijitabu vya Kikristo vya Accelerated Christian Education, mpango ulioanzia Texas mwaka 1970. Ni kazi ya watu makini. Lakini vinanunuliwa kwa bei ya kigeni, vimeandikwa kwa Kiingereza, na anayemaliza kwa mtaala wa nje hulazimika kuomba NECTA ilinganishe cheti chake kabla hajaendelea na masomo hapa nchini. Kwa familia ya Wanging'ombe inayotegemea viazi na mahindi, sioni faida yake. Mwache mtoto shule, na nyumba ifanye kazi yake ambayo shule haiwezi kuifanya.

Kazi hiyo si ndogo, wala si ngeni kwetu. Machi 2020 serikali ilipofunga shule kwa sababu ya korona, watoto wa msingi walikaa nyumbani hadi tarehe 29 Juni. Nyumba zilizokuwa na desturi ya kusoma pamoja zilivuka. Kwenye nyingine watoto walirudi darasani wamesahau hata kushika kalamu.

Nyumba ifundishe nini

Sisi Walutheri wa Kusini tunaishika Katekisimo Ndogo kama kitabu cha kipaimara, cha mchungaji na mwinjilisti. Lakini Dk. Martin Luther aliyeitoa mwaka 1529 aliiandika pia kwa ajili ya mwenye nyumba, awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inamtwika mzazi mzigo uleule: kufundisha akiwa ameketi nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka. Na wamisionari wa Berlin walipoweka kituo Kidugala enzi za Wajerumani, elimu ya kusoma na mafundisho ya ubatizo viliingia Ubena vimeshikana mikono. Tumekuja kuvitenganisha sisi wenyewe, kimoja tukakipeleka shule na kingine kanisani, na nyumba ikabaki ya kula na kulala.

Nitakuonyesha somo moja lilivyo, kwa sababu wazazi wengi huniambia, "Mwenzetu, sisi tumeishia la saba, tutafundisha nini?"

Chukua lumbesa. Kila mkulima wa viazi kuanzia Wanging'ombe hadi Uwemba analijua gunia hilo linalojazwa likavimba, likashonewa juu kwa kamba, kisha likalipwa kama gunia la kawaida. Mpe mtoto kalamu. Tuseme mnunuzi anatoa shilingi 60,000 kwa gunia. Likiwa na kilo 100, kilo moja ni shilingi ngapi? Atakuambia 600. Likiwa lumbesa la kilo 140? Mwache agawanye mwenyewe, asikimbilie simu. Atafika kwenye 428 na masalia. Sasa mwulize: zile kilo 40 za ziada, kwa bei ya haki, zilikuwa shilingi ngapi? Ni 24,000. Kwenye magunia kumi? 240,000.

Kijana wangu alipofika hapo alinyamaza. Kisha akasema, "Baba, kwa hiyo ada ya dada ilikwenda kwenye lumbesa?"

Nikamwambia ndiyo, sehemu yake. Ndipo tukafungua Mithali sura ya 11 tukasoma mstari wa kwanza, unaohusu mizani. Nikamweleza kwamba kanuni za vipimo za nchi yetu zinakataza gunia la mazao kupita kilo 100, kwa hiyo mkulima anayekataa lumbesa hana kiburi, anadai haki yake. Mama yake akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: na sisi tunapomwuzia jirani mahindi, debe letu likoje, tunalisukasuka au tunalimimina juu juu? Somo la gawanya likaishia kwenye dhamiri zetu wenyewe. Hesabu, Maandiko, na biashara ya nyumba vilikaa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Hakuna tuisheni inayoweza kukuuzia somo hilo, kwa sababu gunia ni lako.

Kiingereza

Hapa ndipo nyumba nyingi hukata tamaa, na ndipo fedha ya tuisheni ina maana kuliko popote. Mtoto wa shule ya serikali anasoma karibu masomo yote kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza na karibu kila kitu ni Kiingereza, hata jina la jani alilokuwa akilijua. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kuanzia hapo hadi Januari wengine huenda kuchunga, wengine kubeba mbao. Usiipoteze miezi hii. Ukiwa na fedha ya kozi moja tu katika maisha yote ya shule ya mtoto, iweke hapo, kwenye masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza. Shule nyingi za sekondari, zikiwemo za makanisa, huyatoa. Uliza mapema, kabla ya mtihani, kwa sababu nafasi hujaa.

Na kama fedha haipo, iko njia ambayo haihitaji mzazi ajue Kiingereza. Tafuta Biblia mbili, ya Kiingereza chepesi na ya Kiswahili. Anza na Injili ya Marko, maana ndiyo fupi kuliko nyingine, sura 16, na habari zake zinakwenda mbio. Mtoto anasoma mstari kwa Kiingereza. Wewe unaufuata kwa kidole kwenye Kiswahili. Akimaliza anakuambia maana yake, nawe unajua mara moja kama kapatia, kwa sababu jibu liko chini ya kidole chako. Maneno mapya matano kwa siku yaandikwe kwenye daftari, na kesho yake ayatungie sentensi. Mama mmoja wa mtaa wetu, ambaye hakuvuka darasa la nne, amewapitisha mabinti wawili kwa njia hii hadi Marko 16. Mwenyewe sasa anasalimia wageni kwa Kiingereza.

Kuchagua tuisheni

Ukishapima na kuona kwamba shimo lenyewe huwezi kulifukia, nenda ukamwone mwalimu. Nenda mwenyewe, usitume hela kwa mtoto. Mwambie shida kwa jina: "Mwalimu, huyu kwenye sehemu anatambaa, kwenye jometri hajambo." Mwalimu mzuri atafurahi, kwa sababu wengi huletewa watoto kama mizigo ya basi, bila maelezo. Mwulize anafundisha wangapi kwa pamoja. Wakizidi kumi na tano, hilo ni darasa jingine tu, na mwanao anayejificha nyuma asubuhi atajificha nyuma na jioni. Patana naye kwa mwezi mmoja kwanza. Mwezi ukiisha, rudia kipimo chako cha daftari. Kama hakuna kilichosogea, mshukuru na uache.

Nina mashaka na tuisheni ya mwalimu yuleyule wa asubuhi, kwa somo lilelile, kwa watoto walewale. Inamjaribu mtu kubakiza kilicho muhimu kwa ajili ya jioni. Sisemi kwamba wote hufanya hivyo. Nimewajua walimu waliofundisha bure hadi giza. Lakini ukiona mambo yanakwenda hivyo, yapelekeni kwenye kamati ya shule kwa heshima, mkiwa wazazi kadhaa.

Angalia na njia. Kijijini, binti anayetoka tuisheni saa moja jioni na kupita mbele ya kilabu cha ulanzi yuko hatarini kuliko anayefeli hesabu. Makambako mjini hatari ni nyingine, malori ya Tunduma na mabasi ya Songea yanakutana palepale watoto wanapovuka. Darasa lifanyike Jumamosi asubuhi, au nyumbani kwa mtu, mlango ukiwa wazi na mtu mzima mwingine akiwepo. Hili la mlango wazi usilionee haya kulisema, hata kama mwalimu ni mzee wa kanisa.

Na kipaimara je? Kila mwaka nasikia mzazi akimwambia mwinjilisti, "Mwaka huu yuko la saba, tumpumzishe kidogo." Mafundisho ya kipaimara huchukua kama miaka miwili, na umri wake unaangukia kwenye mitihani hasa. Mimi siafiki. Mtoto anayejifunza kwamba mambo ya Mungu ndiyo ya kwanza kusogezwa ratiba ikibana, atalikumbuka hilo somo muda mrefu kuliko tarehe za Vita vya Majimaji. Mwendee mwinjilisti, mwendee na mwalimu wa tuisheni, wapeane nafasi. Saa mbili za Jumamosi hazimfelishi mtu.

Watu mlio nao tayari

Kidugala tuna utajiri tunaoupita kila siku tukienda sokoni. Seminari ya sekondari ya kanisa letu la Kilutheri, KKKT, na chuo cha Biblia viko hapa hapa. Mitaani kuna wauguzi wastaafu na walimu wastaafu. Na kuna kundi moja ambalo karibu hakuna anayelitumia: vijana waliomaliza kidato cha nne. Wanafanya mtihani Novemba, matokeo yanatoka mwanzoni mwa mwaka, na kidato cha tano kinaanza Julai. Ni zaidi ya nusu mwaka wapo nyumbani, Kiingereza na hesabu bado vya moto kichwani, wanasubiri tu. Familia tano za jumuiya moja zikimchukua kijana mmoja mwenye alama nzuri na tabia inayojulikana, akafundisha siku tatu kwa wiki sebuleni kwa mmojawao, kila nyumba ikitoa kidogo, wengine debe la mahindi, mnakuwa na darasa la watoto saba au wanane. Yeye anapata nauli na daftari za kidato cha tano. Mmoja wa wazazi awepo kila siku, kwa zamu.

Vitabu navyo vipo. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, vinasomwa bure. Hili lina uzito sasa kwa sababu mtaala mpya ulianza kuingia madarasani Januari 2024, kwa hiyo kitabu alichotumia kaka yake huenda hakilingani tena na kinachofundishwa. Kama simu yako haifai, mpe kijana wa steshenari ya Makambako flashi akupakulie siku ya gulio. Akupakulie pia kutoka NECTA taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Wazazi wachache sana wanazijua. Kwa kila swali la mtihani uliopita zinaeleza ni wangapi walikosa, walikosea wapi, na mara nyingi zinaonyesha jibu lililoandikwa na mtahiniwa mwenyewe. Ukurasa mmoja wa hizo unafaa kuliko lundo la mitihani iliyopita inayojibiwa kwa kukariri. Kwa wadogo, katuni za Ubongo Kids zinafundisha hesabu kwa Kiswahili safi, na kwa msomaji anayeanza Biblia Habari Njema ina Kiswahili chepesi kuliko ile ya Union Version tunayoitumia ibadani.

Walioishia njiani

Limebaki kundi moja, nami naliandika kwa uzito kwa sababu hapa kwetu ni kubwa. Ni binti aliyepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani akiwa na miaka 14, sasa amerudi. Ni kijana aliyekwenda kwenye mbao akaona fedha kidogo. Ni aliyepata ujauzito. Kwa hawa darasa la nyumbani na masomo ya jioni si nyongeza tena, ndiyo shule yenyewe, na milango iko wazi kuliko wengi wanavyodhani.

Mtoto ambaye hakumaliza msingi aulizie kwa Afisa Elimu Kata kuhusu MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa. Aliyemaliza darasa la saba bila kwenda sekondari anaweza kusoma jioni na kufanya Mtihani wa Maarifa, ambao watu wengi huuita QT, na akifaulu anajisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1975, ina utaratibu wa masomo hayo mikoani. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Njombe na Ulembwe vinapokea wanaotaka ufundi pamoja na kusoma. Na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi kwenye shule ya kawaida. Kama usharika wako bado unamwambia binti wa namna hiyo akae nyuma, ongea na mchungaji.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo Desemba iwe mwezi wa kukusanya: cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani wa darasa la saba, picha za pasipoti, na fedha ya ada iliyotangazwa. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, anza nacho mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Na siku ya kwenda kituoni kujisajili usimwache aende peke yake, hata akisema hana shida. Amekaa miaka mitatu bila kuingia kwenye jengo la shule. Panda naye basi, kaa naye kwenye foleni, na karani akiuliza huyu ni nani kwako, jibu kwa sauti ya kusikika.